Muungano wa Wasiojuana

Mwaka wa 1954 serikali iligundua kwamba Wabukusu na Wanandi hawajuani. Sijui iligunduaje. Sisi wenyewe, tuliokuwa tukioana, tukiibiana ng'ombe na kurudishiana ng'ombe haohao tangu enzi za babu zetu, hatukuwa na habari. Lakini barua ilitoka Nairobi ikafika Kitale, na pale Kitale ikapokelewa na mzungu mmoja mwenye magoti mekundu aliyeitwa Bwana Pilkington, Ofisa wa Maendeleo. Naye akaniandika kazi ya ukalimani ili nimsaidie kuwajulisha watu hawa.

Naitwa Jairus. Nilizaliwa Chwele, lakini baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu upande wa Kiminini, njia ya kwenda Kitale, kwa hiyo nilikua na watoto wa Kinandi na lugha yao niliinywa pamoja na maziwa yao. Lubukusu ni lugha ya kwetu. Kiingereza nilikipata misheni, kwa fimbo. Bwana Pilkington aliniambia kwamba mtu kama mimi ana thamani kubwa mno katika nchi hii, kisha akanionyesha nyuma ya lori mahali pa kukaa.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi pana aliyoichora kwa mkono wake: duara moja limeandikwa Bukusu, duara la pili Nandi, na katikati mshale.

"Unaona huu mshale, Jairus?" aliniambia. "Huu ni wewe."

Nilimshukuru. Sikuwahi kuwa mshale.

Duara la kwanza lilikuwa senge yangu Sellah Nanyama, dada ya baba, mjane wa Chwele aliyeongoza kikundi cha wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu. Duara la pili lilikuwa Jelimo, mke wa Kimaiyo. Hao walikuwa maskwota, vibarua wenye kuishi na kufuga kwa ruhusa tu, katika shamba la mzungu mmoja hapo Kiminini. Watu walimwita mzungu huyo Kofia Mbili, kwa sababu alivaa kofia moja juu ya nyingine ili jua lisimpate.

Shida ilikuwa moja tu. Sellah na Jelimo walikuwa wamejuana kwa miaka kumi na mmoja.

Walikutana mwaka wa njaa, 1943, senge alipotembea hadi Kiminini na kikapu kitupu, na mwanamke asiyemjua akamjazia mahindi na kumkalisha anywe maziwa lala kwanza. Miaka minne baadaye Kofia Mbili alitangaza kwamba skwota yeyote asiwe na ng'ombe zaidi ya wawili. Kimaiyo alikuwa na kumi na mmoja. Alfajiri moja ya ukungu ng'ombe tisa walivuka mto Kamukuywa bila pasi na bila kuiuliza karantini ya mifugo, wakaingia katika nyumba saba za wanawake wa Chwele. Maziwa yakawa ya mfugaji, ndama wakawa wa Jelimo. Kila mwezi Jelimo alikuja kwa njia za vichakani kuwaangalia ng'ombe wake, ambao wote walikuwa na alama ya Kimaiyo, mikato mitatu ya meno ya msumeno katika sikio la kushoto. Hakuna aliyeandika chochote mahali popote, na labda ndiyo maana mambo yalikwenda vizuri.

Basi nilipokwenda kumpa senge habari alikuwa akipepeta wimbi.

"Ati tujulishwe?" akauliza.

"Ndiyo, senge. Na serikali."

"Mimi na Jelimo?"

"Wewe na Jelimo."

Alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi. Kisha akaniuliza, "Na huyo Jelimo atakujaje? Kofia Mbili si hatoi ruhusa?"

"Atakuja kwa lori la serikali, na barua ya Bwana Pilkington. Kofia Mbili hawezi kuikataa."

Senge akaacha kucheka. Akaokota ungo wake, akaupangusa.

"Basi mtu huyo," alisema, "sijapata kumwona maishani mwangu."

Mkutano wa kwanza ulifanyika mwezi wa Machi katika banda la baraza, Chwele. Lori lilileta wanawake sita kutoka Kiminini. Jelimo aliposhuka alijisahau, akamwona senge na kufungua mikono yote miwili. Nikakohoa. Papo hapo akaigeuza ile mikono, akajinyoosha kama mtu aliyechoshwa na safari.

Bwana Pilkington alisimama katikati yao. "Waambie wapeane mikono," alisema. "Waambie wasiogope."

Wakapeana mikono kwa haya nyingi, kama maharusi.

"Yule mwekundu amezaa?" Jelimo akauliza kwa Lubukusu, akiangalia chini.

"Juzi," senge akajibu kwa Kinandi. "Ndama jike. Ana baka jeupe usoni."

"Wanasema nini?" Bwana Pilkington akaniuliza.

"Huyu anauliza kama watu wa huku wana watoto," nikasema. "Na mwenzake anamwambia kwamba wapo, tena juzi amezaliwa msichana."

Bwana Pilkington aliandika yote katika kijitabu chake. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimhurumia, na nilijihurumia mimi pia, maana nilijua kazi hii itanishinda kuiacha.

Kama angetuacha hapo, tungekuwa tunamwombea mpaka leo. Jelimo alikuwa na pasi ya kuja Chwele kila mwezi kwa lori, amekaa, si kwa kunyemelea. Lakini Bwana Pilkington alisema urafiki usio na muundo haudumu. Ilibidi tuimarishwe.

Ili kutuimarisha alituletea Zachary. Zachary alikuwa kijana wa tai na baiskeli, aliyesoma kozi ya wiki sita kuhusu jinsi watu wanavyoishi pamoja. Alitupatia jina: Shirikisho la Vikundi vya Kina Mama vya Makabila Mbalimbali, Tawi la Chwele na Kiminini. Matawi mengine hayakuwapo. Alitupatia katiba ya kurasa kumi na moja, na vitambaa vya kichwa vya buluu. Alituletea pia jambo tusilolijua, ajenda. Ajenda ikishaandikwa, alisema, binadamu haruhusiwi kufikiria kitu kingine mpaka iishe.

Kisha akaitisha uchaguzi wa mwenyekiti.

Chwele ilikuwa na wanawake thelathini na mmoja, Kiminini sita. Mwenye kujua kuhesabu aone mwenyewe. Senge alichaguliwa, akapewa kitambaa chenye utepe mweupe na kipande cha mti cha kugongea meza. Nilidhani ataona aibu au atacheka. Hakucheka. Mwanamke aliyezika mume na watoto wawili bila kumwegemea mtu, aliyekuwa akiongoza kikundi miaka yote kwa kushika jembe kabla ya wengine, sasa hakuvua kile kitambaa hata wakati wa kukamua. Alianza kusema "kwa niaba ya". Jirani akija kuomba chumvi aliambiwa asubiri.

Katika lori nilimsikia mwanamke mmoja wa Kiminini akimwambia Jelimo, "Ng'ombe wako wako kwao, na sasa mdomo wako pia uko kwao."

Mkutano wa Juni ulihusu sabuni. Asubuhi ile Jelimo alikuwa amesikia njiani kwamba yule ndama wa baka jeupe anaharisha na ameacha kunyonya. Tulikuwa hatujamaliza sala ya kufungua alipoinuka.

"Sellah, yule mtoto wetu anaendeleaje? Mmempa ile mizizi niliyoleta mwezi wa Mei?"

Zachary, ambaye ndiye aliyekuwa katibu, akainua kalamu. "Mwanachama anasema kupitia kwa mwenyekiti. Mwenyekiti, umempa ruhusa?"

Watu wote wakamwangalia senge. Senge akamwangalia Zachary, akaangalia karatasi iliyokuwa mbele yake, ambayo hakuweza kuisoma. Akagonga meza.

"Mwanachama Jelimo, keti," alisema. "Hilo halimo katika ajenda. Tuko kwa sabuni."

Jelimo alibaki amesimama kidogo. Kisha akaketi. Chai ilipoletwa hakuigusa. Alipanda lori kabla ya wengine, akakaa akiangalia upande wa mlima.

Siku nne baadaye ndama alikufa.

Mwezi wa Julai Jelimo hakuja. Aliyekuja ni Kimaiyo mumewe, mtu mrefu mpole, kwa miguu, na fimbo yake.

"Nimetumwa kuchukua ng'ombe," alimwambia senge mlangoni.

"Wangapi?"

"Wote."

"Utawapeleka wapi, baba? Kofia Mbili si atawakamata palepale mtoni?"

"Hata mimi nimemuuliza hivyo," Kimaiyo alisema. "Amesema niwachukue kwanza, halafu nifikirie."

Senge alimsihi ampe wiki moja. Kimaiyo, ambaye alikuwa akiogopa kurudi na ng'ombe kama alivyoogopa kurudi bila ng'ombe, alikubali na kwenda kujificha kwa jamaa zangu.

Na msiba hauji peke yake. Wiki hiyohiyo Zachary alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuandika mali za wanachama, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na maonyesho Kanduyi, na mkubwa mmoja wa serikali angekuja kutoka Kisumu kuona maendeleo. Zachary alinijia na daftari.

"Mkalimani," alisema, "kwa nini ng'ombe tisa katika nyumba saba wana sikio moja?"

"Kila mmoja ana mawili. Nimewaona."

"Usinichezee, bana. Ni alama moja, na si alama ya Kibukusu. Nitaiandika katika ripoti. Na Jumamosi ng'ombe hao wote watapelekwa Kanduyi, Bwana Pilkington ameshaagiza. Anasema ni lazima mifugo ya muungano ionekane."

"Nani atakuwa mwamuzi wa ng'ombe?"

Zachary akaangalia karatasi yake. Akanitajia jina, nami nikatambua ni nani. Alikuwa Kofia Mbili.

Nilipomweleza senge hakupiga kelele. Alivua kitambaa cha buluu, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kabati. Akajaza kibuyu maziwa ya yule mwekundu. Tuliondoka mapema, yeye akitembea mbele, mimi nikiikokota baiskeli, kwa sababu alikataa kubebwa. Alisema mtu anayekwenda kuomba msamaha haendi ameketi.

Tulifika Kiminini jua limeshapita utosi. Jelimo alikuwa nje ya nyumba yake akisugua kibuyu kwa mkaa. Alituona tangu mbali, akaendelea kusugua.

"Mulembe, Jelimo," senge alisema.

"Jairus," Jelimo aliniambia mimi, "muulize mgeni amekuja kwa niaba ya nani."

Nilikuwa nimekalimani kwa mabwana, kwa machifu na kwa ng'ombe, lakini kazi ngumu kama hiyo sikuwahi kupewa. Wanawake wawili wanaosikilizana lugha zote mbili, na mimi katikati.

"Sijaja kwa niaba ya mtu," senge akasema. "Nimekuja mimi."

"Ndama wangu alikufa."

"Najua. Nilikesha naye."

"Nilipokuuliza hali yake hukunijibu."

"Nilitaka kukuambia chai ikija. Pale Zachary alikuwa ameinua kalamu, mama. Ungesema ndama, angeuliza ndama wa nani."

"Basi ungekohoa," Jelimo alisema. "Jairus alikohoa, na tulielewana. Wewe uligonga meza."

Senge alisimama juani na kibuyu chake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, vumbi limemfika magotini.

"Nilipenda kugonga," alisema mwishowe. "Sikudanganyi. Niliposikia ule mlio na watu wote wakanyamaza, nilipenda."

Jelimo alimwangalia kwa mara ya kwanza. Nilidhani atamfukuza. Badala yake alicheka kidogo kupitia puani, akampokea kibuyu, akaonja.

"Mwekundu," alisema. "Mnampa majani ya viazi. Nimewakataza."

Ndipo tukaketi, na mimi nikaeleza habari za Zachary, Kanduyi na Kofia Mbili. Jelimo alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo bwana yenu wa magoti," aliuliza, "anapenda nini zaidi ya vitu vyote?"

"Muungano," nikasema.

"Basi mpeni. Alama ya sikio ni ya muungano. Tuliikata sisi, Wabukusu na Wanandi, kwa mapenzi makubwa, tangu Machi. Nani atakataa? Ni yeye aliyetukutanisha."

Siku ya Jumamosi uwanja wa Kanduyi ulikuwa na bendera, bendi ya polisi, meza ya maboga na meza ya keki. Ng'ombe wetu tisa walifungwa chini ya kibao chenye lile jina refu. Wanawake thelathini na saba walijipanga kwa vitambaa vya buluu, na Jelimo alisimama karibu na senge. Hawakuwa wakizungumza. Msamaha ulikuwa bado mbichi.

Kofia Mbili alipita akikagua, akafika kwa yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama. Akasimama. Akamshika sikio.

"Ng'ombe huyu ametoka shambani kwangu," alimwambia Bwana Pilkington kwa Kiingereza. "Namjua kwa pembe. Ni wa skwota wangu Kimaiyo, na nilimwamuru amwondoe tangu miaka saba iliyopita. Amefikaje huku, na karantini iko wapi?"

Bwana Pilkington aliliangalia lile sikio. Akaniangalia mimi. Nyuma yake mkubwa kutoka Kisumu alikuwa anakaribia, na gilasi ya maji ya ndimu mkononi.

"Jairus, alama hii ni ya nini?"

"Ya muungano, bwana. Iko katika katiba, ukurasa wa saba."

Zachary alikuwa na katiba kwapani. Ukurasa wa saba ulihusu usafi wa vikombe. Akafungua mdomo.

"Katibu!" senge akasema, kwa sauti iliyomfanya hata polisi mmoja wa bendi ageuke. "Mwenyekiti hajakupa ruhusa."

Zachary akafunga mdomo. Kozi yake ilikuwa nzuri, ilimwingia mpaka mifupani.

Uso wa Bwana Pilkington ulikuwa mwekundu kama magoti yake. Niliona kitu kikipita machoni pake, kama mtu anayehesabu miezi na umri wa ng'ombe na kupata jawabu asilolitaka. Kisha akamgeukia Kofia Mbili.

"Umekosea, rafiki yangu," alisema. "Watu hawa hawakuwa wakijuana hata kidogo mpaka Machi mwaka huu. Ninayo kumbukumbu kwa maandishi."

Mkubwa wa Kisumu alifurahi kupita kiasi. Alitoa hotuba, nami nikaitafsiri ikawa fupi. Palepale alitia sahihi barua mbili: ya kwanza kwamba mifugo yenye alama ile isisumbuliwe, ya pili kwamba mwanachama wa muungano apokelewe kama ndugu katika wilaya zote mbili. Kofia Mbili alimpa mwekundu nafasi ya tatu.

Wakati wa kurudi Bwana Pilkington aliniita nikae mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jairus," alisema, "ile siku ya kwanza, walipoulizana kuhusu mtoto aliyezaliwa. Nani hasa alikuwa amezaa?"

"Ng'ombe, bwana."

Akashika usukani kwa mikono miwili. "Hilo," alisema, "usiliandike."

Kabla mwaka haujaisha alipandishwa cheo, akaenda Nairobi kufundisha wengine jinsi ya kuunganisha makabila. Zachary alimfuata na baiskeli yake. Sukari ya chai iliacha kuja, na bila sukari ajenda ilikufa kifo cha kawaida. Mimi nikapata kazi ya ualimu Chwele, ambako wanafunzi angalau hawakudai nitafsiri.

Mwezi wa Februari Kofia Mbili alinunua trekta na kuwafukuza maskwota wake wote. Aliwapa siku kumi. Kimaiyo na Jelimo walivuka mto na vitu vyao kichwani, wakaja kwa senge, naye akawaonyesha kipande cha ardhi ya marehemu mumewe kule chini karibu na kijito. Liguru wetu, mkuu wa mtaa, alikuja mbio. Alisema ardhi ya Wabukusu haikaliwi na Mnandi, haijapata kutokea. Mama yake mwenyewe alikuwa Mnandi, lakini siku hiyo hakukumbuka.

Senge aliingia ndani, akatoka na ile barua ya pili. Liguru hakujua kusoma, lakini mhuri aliujua. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaniuliza inasema nini. Nikamsomea kwamba huyu ni ndugu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Machi mwaka jana," senge akajibu. "Serikali ndiyo iliyotujulisha."

Kimaiyo alianza kukata miti ya nyumba siku hiyohiyo. Kabla ya paa kuezekwa, mbuzi wa senge aliingia katika maharagwe ya Jelimo na kula mstari mzima, na wale wanawake wawili waligombana kwa siku tatu, kila mmoja kwa lugha ya mwenzake, ili matusi yaingie vizuri.